Jinsi orodha ya hospitali niliyoiandika mwenyewe ilivyompiga mjomba wangu risasi sita

Wakuu, salaam aleikum wote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Wiki nzima nimekuwa nasoma ile mada yenu ya mifumo ya hospitali. Vijana mnavutana mashati kuhusu codes. Mara system ya kaunti hii haielewani na ya kaunti ile, mara ugonjwa mmoja una majina matano. Kuna mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba tatizo hili ni jipya, limeletwa na kompyuta.

Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja mbio akidhani nimepaliwa na chai.

Kijana wangu, tatizo hilo nililitengeneza mimi kwa mkono huu, kwa wino wa buluu, hapa hapa Garissa, miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa mpakani, baada tu ya uhuru. Baba yako alikuwa hajazaliwa, sembuse kompyuta yako.

Ninalosimulia ni kweli na Mola ni shahidi. Majina ya watu nimebadilisha. Jina la hospitali siliweki, kwa sababu bado wananipa dawa za presha na sina haja ya ugomvi. Wapenda hadithi za kubuni, jukwaa la mapenzi liko wazi saa zote.

Twende.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu wa hospitali. Miaka ishirini na kitu, suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kalamu mbili mfukoni ingawa moja ilikuwa haiandiki. Katika ukoo wetu wote wa wafuga ngamia, mimi ndiye niliyekuwa nashika kalamu, na nilihakikisha hakuna anayesahau.

Chini ya hospitali yetu kulikuwa na vituo viwili. Bura, upande wa Fafi, na Hulugho, kule karibu na mpaka.

Kila kituo kilikuwa na dresa wake. Kwa nyinyi wa juzi, dresa alikuwa mtu wa kusafisha vidonda na kufunga bandeji, na pale ambapo hakuna daktari aligeuka kuwa daktari mwenyewe.

Wa Bura aliitwa Komora, Mpokomo mmoja mpole sana, mtu wa kufuata maandishi. Ungemwandikia ale karatasi, angeuliza tu kama ni kabla au baada ya chakula.

Wa Hulugho aliitwa Mahat, Msomali mwenzangu, mtu mzima. Kituo chake kilikuwa hema moja, sanduku moja la dawa, na subira nyingi.

Kila mwisho wa mwezi vituo vinaleta ripoti, mimi najumlisha, napeleka Nairobi. Hapo ndipo raha yenyewe ilipokuwa.

Chukua homa ya mbu. Sisi Garissa tuliandika "malaria", kwa sababu sisi tulikuwa watu wa mjini. Komora aliandika "homa ya mto", kwa sababu waliokuwa wanaugua kwake ni wanaokaa karibu na Tana. Mahat aliandika "duumo", neno la Kisomali, kwa sababu ndivyo mgonjwa alivyomwambia.

Nairobi wakahesabu magonjwa matatu.

Basi ikaja barua yenye mhuri mkubwa, ikiuliza huu ugonjwa mpya wa duumo umetoka wapi, na kama askari wanaoletwa huku wachanjwe kabla ya kusafiri.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mmoja aliyebaki baada ya uhuru. Kwa haki nitasema alitibu watu vizuri na hakubagua. Ila alipenda vitu vikae kwenye mistari, na ile barua ilimuuma mpaka masikio yakawa mekundu.

Akaitisha mkutano wa siku mbili. Komora na Mahat wakaletwa na msafara wa magari, kwa sababu barabara wakati huo hukupita peke yako. Tukakaa wanne kwenye chumba cha stoo ya dawa: Daktari, madresa wawili, na mimi karani, mwandishi, mkalimani na mjuaji.

Kazi ilikuwa kutengeneza orodha moja ya maneno. Kila ugonjwa upewe namba, jina moja, na maana yake kwa maandishi: ni nini na si nini. Kuanzia siku hiyo vituo vyote vitatu, ukihesabu na hospitali yetu, viandike namba, hakuna tena duumo wala homa ya mto.

Wakuu, wazo lilikuwa zuri. Nalisema hili mapema ili msije mkaniambia mzee anapinga maendeleo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Kuharisha tulibishana saa nzima, maana Komora alitaka kwa siku mara tatu, Mahat akasema kwake mtu hatoki malishoni kuja hemani kwa mara tatu, anakuja akiwa hawezi kusimama. Tukapata namba. Kuungua kukapewa namba 28, na Daktari akaandikisha maana yake: jeraha bichi la moto linalohitaji bandeji. Akaligonga kwa mashine ya taipu usiku huo huo, akafurahi.

Siku ya pili tukafika kwenye makovu.

Makovu hayakuwa yetu. Yaliletwa na afisa wa usalama. Wakati huo wafugaji walikuwa wanakusanywa watoke malishoni wakae kwenye vijiji vya serikali, ua wa miba pande zote na askari mlangoni. Kila mwanamume aliyeingizwa alipimwa afya akaandikiwa kadi. Afisa akaomba kwa heshima kwamba kadi ioneshe na makovu. Siku hizo afisa akiomba kwa heshima, unampa.

Namba 31, kovu la kisu. Namba 32, kovu la risasi. Namba 33, kovu la kuumwa na mnyama.

Daktari akafunga daftari. Mahat akainua mkono.

"Daktari, bado moja. Hii watu yetu iko na alama ya moto. Moto ya dawa. Wazee, watoto, wote iko nayo. Hiyo nayo bia tafuta namba."

Niwaeleze wasiojua. Sisi wafugaji, mtu akiugua kitu kigumu, huchomwa. Kijiti au chuma kinatiwa kwenye moto kikiwa chekundu kinabandikwa kwenye ngozi, mara moja, kinatolewa. Tumbo, mgongo, vifundo vya mikono, kutegemea ugonjwa. Hasa ule wa macho kuwa manjano, tunaouita cagaarshow. Kinabaki kikovu cha mviringo, kama punje ya kunde. Kwa miaka ile ungetafuta mwanamume wa malishoni asiye na hata kimoja, ungetafuta sana.

Daktari alikuwa anajua. Alikuwa amegombana na bibi zetu kwa miaka juu ya jambo hilo. Akajibu kwa Kiswahili chake:

"Ile si dawa. Ile ujinga. Mimi hapana toa namba kwa ujinga."

Komora, maskini, akajaribu kusaidia. Akasema basi na waingie kwenye namba 28, kuungua. Daktari akamwonesha karatasi. Namba 28 ni jeraha bichi. Hili ni kovu. Na namba 28 imeshapigwa taipu.

Mkiona siku hizi mtu wa system anawaambia "hiyo tumeshaifunga kwenye version hii", jueni ana babu.

Mahat akanigeukia mimi.

"Hassan, sema wewe."

Alinitazama kwa namna ya mtu anayejua. Na kweli alijua, nani asiyejua. Chini ya shati langu lililopigwa pasi nilikuwa na makovu manne tumboni. Nilichomwa nikiwa mtoto mchanga, macho yamekuwa manjano, mama ameshaanza kunililia.

Nikasafisha koo. Nikasema, "Watu wa kisasa siku hizi hawafanyi mambo hayo."

Nilikuwa naona haya, wakuu. Hakuna sababu nyingine. Nilimwona Daktari akitikisa kichwa kwa kuridhika na nikajisikia mrefu kwa inchi mbili.

Kisha nikaandika mimi mwenyewe maana ya namba 32. Bado naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliipenda kwa ufupi wake: "Kovu dogo la mviringo, lililopona, popote mwilini."

Na chini kabisa ya orodha nikaongeza kanuni, nayo ni yangu: "Nafasi tupu hairuhusiwi. Kisicho na namba kiwekwe kwenye namba inayokikaribia zaidi."

Daktari akasema ni kazi safi sana. Nikaandika jina langu chini: imetayarishwa na fulani, karani.

Mahat alikunja nakala yake akarudi Hulugho na msafara.

(Nilisimama kidogo kuswali asr. Naona mmeanza ku-comment kabla uzi haujaisha. Tulieni, mzee anatumia kidole kimoja.)

Komora akaenda Bura na orodha yake akaanza kazi kwa uaminifu wa kutisha.

Kijiji cha Bura kilikuwa kinapokea watu kila siku. Mwanamume anapangishwa foleni, anavua shati, Komora anamzunguka, anaandika. Kikovu cha mviringo, kimepona, kiko mwilini. Anafungua orodha. Namba 28? Si kibichi. 33? Mnyama gani anauma mviringo. Nafasi tupu? Hairuhusiwi. Basi 32.

Ripoti yake ya kwanza ilinifikia mezani. Nikajumlisha.

Kwa mujibu wa ripoti ile, wanaume wa Bura walikuwa wamepigwa risasi kuliko jeshi lolote nililowahi kulisikia. Wengi walipigwa tumboni, na wote walipona bila kulazwa hata siku moja. Mlikuwamo wazee wasio na meno. Mlikuwamo kipofu mmoja, huyo alikuwa nazo tano.

Mnajua nilihisi nini?

Furaha. Kwa mara ya kwanza hesabu za Bura zilikaa sawa na za kwangu, hakuna neno geni, hakuna nafasi tupu. Nikagonga mhuri. Nakala moja Nairobi, nakala moja kwa Daktari, nakala moja kwa afisa wa usalama kama ilivyokubaliwa. Nikaenda kunywa chai ya maziwa.

Afisa naye alikuwa na hesabu yake. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alisema kovu moja au mawili ni bahati mbaya, lakini matatu kwenda juu ni kazi ya mtu, huyo ni shifta.

Lori la kwanza la wanaume wa "matatu kwenda juu" liliondoka Garissa kwenda kizuizini bara kabla mimi sijajua lolote. Nililiona likipita. Nilidhani ni mizigo.

Jumanne moja mama yangu akaja ofisini. Mama hakuwahi kukanyaga ofisini kwangu, alisema harufu ya dawa inamtia kichefuchefu. Alisimama mlangoni, shuka limejaa vumbi, akasema, "Abti yako amechukuliwa."

Abti ni ndugu ya mama, mjomba. Na kwa desturi yetu mjomba naye anamwita mpwa wake abti hivyo hivyo. Wangu aliitwa Gedi. Alikuwa mtu wa ngamia, mrefu, mkimya, mwoga wa kelele. Bunduki ikilia kilomita mbili huko, yeye anaangusha birika. Ndiye aliyenipandisha ngamia wake siku mbili mpaka shule, wakati baba alisema shule ni ya watu waliokosa mifugo. Hizo kalamu zangu mbili, moja alininunulia yeye. Ile isiyoandika.

Gedi alikuwa ameletwa na watu wengine kwenye kijiji cha Bura. Komora alimzunguka akahesabu sita. Mbili vifundoni, nne tumboni. Cagaarshow, alipokuwa kijana.

Sasa alikuwa kwenye stoo ya mabati nyuma ya ofisi ya afisa, na lori la pili lilikuwa la Alhamisi. Ngamia wake walibaki porini bila mtu.

Nikaenda kwa Daktari nikiwa nakimbia. Nikamweleza. Nilidhani atashtuka. Akashtuka kweli, kisha akakumbuka utaratibu. Orodha imeshapelekwa Nairobi, akasema, na kuibadilisha kunahitaji vituo vyote vitatu vikae tena. Hulugho barabara imefungwa. Andika barua.

Hiyo kanuni ya vituo vitatu kukaa pamoja ilikuwa ukurasa wa kwanza. Mtunzi ni nani? Msiniulize.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa afisa mwenyewe. Nikasimama mbele ya meza yake nikamweleza habari za moto na vijiti. Akanisikiliza vizuri sana, hakunikatiza. Kisha akavuta droo, akatoa orodha yangu, akaweka kidole chini.

"Hili jina ni la nani?"

"Langu, afande."

"Na hii maana ya 32 aliandika nani?"

"Mimi, afande."

"Sasa wewe unabishana na nani?"

Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya mkutano. Nikafungua vifungo, nikavua shati, nikamwonesha tumbo.

"Afande, kwa hesabu ya karatasi hiyo, mimi nilipigwa risasi nne kabla sijaota meno. Je, hilo linaingia akilini?"

Nilikuwa nimelipanga njiani, hilo. Niliona picha yote: afisa anacheka, anapiga meza, anaita askari amfungulie Gedi.

Afisa hakucheka. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu, nne. Akatoa fomu mpya.

"Jina la babu?"

Matatu kwenda juu, wakuu. Kanuni ni kanuni.

Wakanifungia stoo ile ile. Mlango ukafunguliwa, nikasukumwa ndani na shati langu mkononi. Kulikuwa na wanaume kama kumi na wawili wamekaa chini, na joto la mabati. Gedi alikuwa kona ya mbali. Akanitazama tumbo, akanitazama uso.

"Abti," akaniuliza kwa Kisomali, taratibu, "na wewe pia umepigwa risasi?"

Wote mle ndani wakaanza kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke, kisha na mimi nikacheka, kisha nikalia. Gedi akanisogezea nafasi.

Akaniambia siku niliyochomwa yeye ndiye aliyenishika miguu. Mama alikimbilia nje. Bibi ndiye aliyeshika kijiti. "Ulipiga kelele," akasema, "mpaka ngamia wakasimama. Nikasema huyu akipona atakuwa mtu wa maneno."

Sikumwambia kwamba ile karatasi ni yangu. Alikuwa anajua. Afisa alikuwa amewasomea.

Sasa sikilizeni jinsi haki ilivyokuja. Haikuletwa na huruma. Jumatano ile ilikuwa siku ya mwisho ya ripoti ya mwezi kwenda Nairobi. Gari la barua linaondoka jioni. Ripoti ilikuwa kwenye kabati, kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mimi nilikuwa stoo kama shifta wa namba 32 mara nne.

Baada ya adhuhuri tukasikia gari la Daktari.

Aliingia kwa afisa akiwa amefura. Tulisikia kila kitu, mabati hayana siri. Alisema anataka karani wake. Afisa akasema karani ana 32 nne na fomu imeshajazwa. Daktari akasema upuuzi, yale ni makovu ya moto, hata mtoto anajua.

Afisa akauliza kwa adabu yake ile ile:

"Namba ngapi hiyo, Daktari?"

Kimya.

Wakuu, nimeishi miaka mingi, nimeona mengi mazuri. Kile kimya bado kiko kwenye tatu bora.

"Hakuna namba," Daktari akasema mwishowe.

"Basi hakuna makovu ya moto," akasema afisa. "Labda Daktari atupe namba."

Wakatuletea Daktari mpaka mlangoni. Alikuwa na orodha mkononi na kalamu. Aliandika "34" kwenye nafasi iliyobaki chini, akaandika jina, kovu la moto wa tiba. Mkono haukutaka, ilionekana. Kisha akafika kwenye maana, akakwama. Maana ya 32 ilikuwa mviringo, dogo, limepona. Hili nalo ni mviringo, dogo, limepona. Atayatenganisha vipi mawili haya kwa dresa asiyemjua mtu?

Alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

Gedi akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ngamia, lakini kilitosha.

"Daktari, risasi naingia, lazima natafuta mahali ya kutoka. Ama nabaki ndani, ukishika kwa kidole nasikia mfupa umefunjika. Moto habana ingia. Moto nabisha hodi tu, narudi. Tazama mgongo yangu."

Akageuka. Mgongo ulikuwa safi.

"Na tena tazama. Moto iko wawili wawili. Huku moja, huku moja, sawasawa. Mtu wa kubiga risasi nabima hivyo?"

Askari mmoja akacheka. Daktari hakucheka. Aliandika yote. Wawili wawili, pande zote sawa, ngozi imevutika juu tu, hakuna tundu la kutokea, mfupa mzima. Akamwambia Gedi arudie ile ya mfupa. Hiyo ndiyo maana bora kuliko zote kwenye orodha ile, na ilitungwa na mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu isipokuwa siku ya kuninunulia mimi.

Daktari akatia sahihi. Afisa akasoma, akakuna kidevu, akatufungulia mimi na Gedi, akaita Komora aje na gari la kwanza kutoka Bura kesho yake kuwapima upya waliobaki. Alhamisi ile lori la bara liliondoka na watu wawili tu, na hao nasikia kweli walikuwa na matundu ya kutokea.

Mngependa niishie hapo. Na mimi ningependa.

Lakini kulikuwa na lori la kwanza, lile nililodhani ni mizigo.

Tuliwaandikia huko bara tukieleza habari ya namba 34. Daktari mwenyewe aliandika, mara tatu. Jibu likaja na mhuri: orodha tuliyonayo inaishia 33, tafadhali tumieni namba zilizoidhinishwa. Hao wanaume walikaa mpaka vita vilipokwisha. Wengine walirudi wamekonda. Wengine hawakurudi. Yule kipofu wa makovu matano hakurudi.

Sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa mstari wake kwenye ripoti, na niliugongea mhuri nikiwa na furaha.

Ngamia wa Gedi hawakuonekana tena. Aliishi kwetu mjini miaka yake iliyobaki, anakaa kibarazani, anaangusha birika gari likipiga honi. Hakunilaumu hata siku moja. Siku ile tu tulipotoka stoo, tunatembea kurudi nyumbani, mimi nimevaa shati vibaya, kifungo juu ya kifungo, aliniuliza jambo moja.

"Abti, siku ya ule mkutano wenu, kwa nini hukuvua shati?"

Sikumjibu. Hakuuliza tena.

Sasa ya juzi, ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwezi uliopita nilienda kuchukua dawa zangu. Hospitali sasa wana kompyuta, wanahamisha kadi za zamani ziingie kwenye system. Mjukuu wangu Ifrah anafanya kazi hiyo hiyo, idara ya kumbukumbu, damu haiendi mbali. Akanifungulia jina langu kwenye kioo, akanigeukia, akaniita babu kwa Kisomali.

"Awoowe, hapa inasema umewahi kupigwa risasi tumboni mara nne."

Ile fomu ya afisa. Kuna mtu mwaminifu, Komora wa aina yake, aliinakili kwenye kadi yangu ya mfanyakazi. Kadi ikaingia faili, faili likabadilishwa jalada, jalada likaingia kompyuta. Mtu hudumu miaka sabini, themanini. Kosa la karani lina afya nzuri zaidi.

Nikamsimulia yote, pale pale, foleni ikitungoja. Macho yakamlowa. Kisha akafurahi, akanionesha: siku hizi makovu ya moto wa tiba yana neno lake, yana code yake, limo ndani ya orodha unachagua tu. "Nabonyeza mara moja, awoowe, yanakwisha."

Nikamwambia aache.

Akadhani sijasikia. Nikarudia. Nilimwambia wako watu waliobeba namba ile mpaka kaburini kwa sababu mimi niliona haya kufungua vifungo viwili. Hakuna aliyewabonyezea kitu. Wacha na mimi nizikwe nayo.

Somo, kwa nyinyi mnaotengeneza maneno ya pamoja ya hospitali zenu: yatengenezeni, yanahitajika, duumo na malaria ni homa moja. Lakini kabla hamjaandika maana ya kitu, mwiteni aliye nacho mwilini aingie chumbani. Wekeni nafasi ya "sijui". Na kwenye kikao akiwepo mtu wa kwao amevaa shati safi anawahakikishia kwamba mambo hayo hayapo siku hizi, mwambieni alivue.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Wajir, wa Mandera, walio na wazee wenye kadi za miaka ile, semeni mnachokijua. Wa IT mnaruhusiwa kunitukana, nimezoea. Anayetaka kuuliza kwa nini sikuvua shati siku ya mkutano, apange foleni. Mbele yake yuko Gedi.